Zana za programu za mfanyakazi huru wa mbali

Zana za programu za mfanyakazi huru wa mbali ni programu, huduma za mtandaoni na taratibu za kupanga faili anazozitumia mtu asiye na mwajiri mmoja ili apokee kazi, aifanye, aitume, adai malipo yake na kuitunzia kumbukumbu, pengine bila kuonana na mteja hata siku moja. Wafasiri, waandaaji wa programu, wabunifu wa michoro, wahariri, waandishi wa manukuu ya sauti na wasaidizi wa ofisi wa mtandaoni wote wamo humu. Makala haya yanaangalia zaidi hali ya Kenya na Tanzania.

Mwajiriwa wa ofisi ana masjala inayotunza majalada, mhasibu anayetoa ankara na fundi wa TEHAMA anayeitwa kompyuta ikigoma. Mfanyakazi huru hubeba vyeo vyote vitatu, na kwa kawaida hakusomea hata kimoja. Ndiyo maana zana hupimwa kwanza kwa kumbukumbu inayoiacha: inakaa wapi, inasomeka bila programu iliyoizaa, na nani mwingine ana uwezo wa kuifuta. Uzuri wa sura ya programu huja baadaye sana.

Chimbuko

Kabla ya 2009 Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kuifikia intaneti ya dunia, kwa gharama kubwa na mwendo wa pole. Mwaka huo mikongo ya intaneti ya chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, ilifika pwani, na EASSy ikafuata 2010. Kazi za kutumwa zikaanza kufanyika Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam kwa kasi isiyomchosha mteja wa ng'ambo. Malipo ya simu yalikuwa yametangulia: M-Pesa ilizinduliwa Kenya mwaka 2007. Majukwaa mawili makubwa ya kutafutia kazi, Elance na oDesk, yaliungana mwishoni mwa 2013 na kuchukua jina la Upwork 2015. Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa Ajira Digital wa kuwafundisha vijana kazi hizo.

Utegemezi wa mikongo una bei yake. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja, na intaneti ikadorora Kenya, Tanzania, Uganda na nchi jirani kwa siku kadhaa. Waliokuwa na faili zao kwenye diski ya kompyuta waliendelea kufanya kazi, ingawa kuzituma kulikuwa shida. Waliokuwa na kila kitu ndani ya kivinjari walikaa wakitazama duara likizunguka. Kwa mazingira ya hapa, ambako umeme hukatika na bando huisha katikati ya kazi, programu isiyofunguka bila mtandao ni nusu programu. Google Docs ina hali ya kufanya kazi nje ya mtandao, lakini lazima iwashwe mapema, mtandao ukiwa bado upo; wengi hugundua hilo wakiwa wamechelewa.

Faili na majina yake

Mpangilio wa folda ni zana isiyouzwa na yeyote, na pengine ndiyo iliyo bora kuliko zote. Mpangilio uliozoeleka huwa na folda moja kwa kila mteja. Ndani yake folda moja kwa kila kazi. Ndani ya kazi, sehemu nne: mkataba na maelekezo, malighafi kutoka kwa mteja, kazi inayoendelea, na kazi iliyokabidhiwa. Sehemu hii ya mwisho haiguswi tena baada ya kutumwa. Mteja akirudi miezi sita baadaye akisema ukurasa wa tatu haukuwamo, jibu limo humo.

Jina la faili huanza na tarehe, mwaka ukitangulia: 2025-03-14_mkataba_v2.docx. Mtindo huu umo katika kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, kilichotolewa mara ya kwanza 1988, na faida yake ni ya kimakanika: kompyuta hupanga majina tarakimu kwa tarakimu kuanzia kushoto, kwa hiyo mwaka ukiwa mbele, mpangilio wa majina huwa ndio mpangilio wa wakati. Tukianza na siku, kama tulivyozoea kuandika kwenye barua, tarehe 1 za miezi yote hurundikana pamoja. Mtindo huo pia humaliza ugomvi na Wamarekani, ambao kwao 03/04 ni tarehe 4 Machi na kwetu ni tarehe 3 Aprili.

Namba ya toleo hufuata mwishoni. Neno "mwisho" halifai kuwekwa kwenye jina la faili. Kila mhariri amewahi kukutana na "ripoti_mwisho_kabisa_2". Waandaaji wa programu walilitatua tatizo hili kwa Git, iliyoandikwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ambayo hutunza kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya na sababu yake. Wafasiri nao wana kumbukumbu ya tafsiri: programu kama OmegaT, ya bure na ya chanzo huria, huhifadhi kila sentensi pamoja na tafsiri yake na kuileta tena inapojirudia. Hifadhi hiyo hutolewa katika muundo wa TMX, unaosomwa na programu shindani pia, kwa hiyo mfasiri akihama programu huhama na kazi yake ya miaka. Huo ndio mfano wa zana inayomheshimu mwenye kazi.

Wingu na nakala rudufu

Huduma za hifadhi ya wingu, kama Dropbox na Google Drive, hulandanisha faili: kilichopo kwenye kompyuta huonekana kwenye simu na kwenye seva. Wengi huchukulia ulandanishaji kuwa ni nakala rudufu, na hapo ndipo hasara hutokea. Ukifuta folda kwenye kompyuta mpakato, wingu nalo hutii na kuifuta. Google Drive huweka kilichofutwa kwenye pipa la taka kwa siku 30, kisha hukiondoa moja kwa moja. Novemba 2023 baadhi ya watumiaji wa programu ya Drive ya kompyuta walipotelewa na faili kwa hitilafu ya programu yenyewe, bila kufuta chochote.

Kanuni inayotajwa zaidi ni ile ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikikaa mahali pengine. Kwa mtu wa kawaida maana yake ni kompyuta, diski ya nje inayochomekwa mara moja kwa wiki na kuchomolewa, na wingu. Kuchomoa ni sharti. Diski iliyoachwa imechomekwa hubebwa na mwizi pamoja na kompyuta.

Akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15, zinazogawanywa kati ya Drive, Gmail na Google Photos. Tangu 2024 nakala rudufu za WhatsApp za simu za Android nazo huhesabiwa humo. Matokeo yake ni haya: video za harusi na mahubiri kutoka kundi la ukoo hujaza nafasi, Gmail huacha kupokea barua, na barua ya mteja yenye kazi mpya humrudia mteja kwamba haikupokelewa. Mwenye akaunti huona kimya tu na kudhani hakuna kazi. Dawa ni kutenga akaunti ya kazi na ya nyumbani, au kuizima nakala ya video ndani ya WhatsApp.

Saa na kalenda

Afrika Mashariki haibadilishi saa. Hutangulia saa ya kimataifa ya UTC kwa saa tatu mwaka mzima. Wateja hubadilisha. Mkutano wa saa tatu asubuhi ya New York huangukia saa kumi jioni ya Nairobi majira ya joto na saa kumi na moja jioni majira ya baridi. Wa saa tatu asubuhi ya London ni saa tano asubuhi kwetu majira ya joto, na saa sita mchana majira ya baridi. Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho, kwa hiyo kwa wiki mbili au tatu mwezi huo tofauti kati ya wateja wenyewe hubadilika. Mwenye wateja pande zote mbili ajihadhari na Machi kuliko mwezi wowote.

Kuna mtego mwingine, wa kwetu wenyewe. Mtu anayehesabu saa tangu mapambazuko husikia "saa tatu" akaandika 3:00 kwenye kalenda, na simu ikalia usiku wa manane badala ya asubuhi. Kalenda ya kompyuta haina budi kuandikwa kwa mfumo wa saa 24: 09:00, 16:00. Mkutano uwekwe kwa kutaja saa za mji wa mteja na kuiachia programu hesabu. Google Calendar hukubali kila tukio liwe na ukanda wake wa saa, na huonyesha ukanda wa pili pembeni ukiiomba.

Kuhesabu muda na kupanga kazi

Upwork ina programu inayohesabu muda wa kazi za kulipwa kwa saa. Hupiga picha ya skrini mara sita kwa saa, kwa wakati usiotabirika ndani ya kila dakika kumi, na kuhesabu mibofyo ya kibodi na kipanya. Ni upekuzi, na wengi wanaulalamikia kwa haki, lakini ndiyo unaofungua ulinzi wa malipo wa jukwaa hilo: saa zilizoandikwa kwa mkono hazilindwi mteja akikataa kulipa. Wiki ya malipo hufungwa Jumapili usiku kwa saa ya UTC, yaani saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu kwetu, na anayefanya kazi ana hadi saa tisa alasiri ya Jumatatu kulipitia daftari lake la muda na kuondoa picha isiyofaa. Muda wa picha hiyo huondoka nayo. Fedha huwa tayari siku kumi baada ya wiki kufungwa.

Nje ya majukwaa, Toggl na nyingine za aina yake huhesabu muda bila kupiga picha. Zina manufaa hata kwa kazi za bei moja, kwa kuwa humwonyesha mtu kwamba tafsiri aliyoikubali kwa dola 40 ilimla siku mbili.

Ubao wa kadi ulienezwa na Trello, iliyozinduliwa 2011. Wazo lenyewe lilitoka viwanda vya Toyota vya Japani, ambako kadi ziliendesha upatikanaji wa vipuri. Mtu mmoja anahitaji safu chache: zilizoombwa, zinazoendelea, zinazosubiri mteja, zinazosubiri malipo. Safu mbili za mwisho ndizo zenye thamani, kwa sababu kazi iliyokwama kwa mteja ndiyo husahaulika. Zaidi ya hapo, kupamba ubao ni njia ya heshima ya kukwepa kazi.

Mawasiliano hufuata matakwa ya mteja: Slack, Teams, Zoom, barua pepe. Maelekezo ya sauti ya WhatsApp ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa hayatafutiki na mtumaji anaweza kuyafuta. Desturi nzuri ni kuyajibu kwa barua pepe fupi: nimeelewa kwamba unataka hivi, kwa bei hii, kufikia tarehe hii.

Ankara, malipo na kodi

Ankara huwa na namba isiyojirudia, tarehe, jina la mteja, maelezo ya kazi, sarafu na siku ya mwisho ya kulipa. Jedwali la Excel au LibreOffice Calc linatosha kwa wateja wachache. Safu tatu hazikosekani ndani yake: kiasi kilichodaiwa, kiasi kilichopokelewa, na tofauti, maana kati ya mteja na mfuko kuna makato. Upwork ilihamia ada moja ya asilimia 10 mwaka 2023, na 2025 ikaingiza ada inayobadilika kati ya 0 na 15 kwa mikataba mipya. Payoneer na Wise hupokea fedha za kigeni na kuzipeleka benki. Tangu 2018 Wakenya wanaweza kuhamisha salio la PayPal kwenda M-Pesa. Kila daraja hukata chake, na kiwango cha kubadilishia fedha hukata kimyakimya.

Nchini Kenya, tangu Januari 2024 kampuni inayotaka gharama yake itambuliwe kwenye kodi ya mapato huhitaji ankara iliyotoka mfumo wa eTIMS wa Mamlaka ya Mapato, isipokuwa gharama zilizosamehewa. Kwa hiyo mteja wa Nairobi ataikataa ankara ya Word hata ikiwa nzuri namna gani. Sheria ya taratibu za kodi inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano, muda mrefu kuliko umri wa kompyuta mpakato nyingi.

Ulinzi wa akaunti

Barua pepe ndiyo ufunguo wa akaunti zote, kwa sababu nywila iliyosahaulika hurejeshwa kupitia hiyo. Kitunza nywila kama Bitwarden au KeePass huwezesha kila akaunti kuwa na nywila yake. Msimbo wa pili unaotumwa kwa SMS ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini huanguka pale mhalifu anapofanikiwa kuhamishia laini ya mtu kwenye kadi nyingine, wizi uliozoeleka mno Kenya. Programu inayozalisha msimbo ndani ya simu yenyewe haitegemei laini. Misimbo ya dharura ichapishwe na kufungiwa mahali. Data za wateja zina sheria zake pia: ya Kenya ni ya 2019, ya Tanzania ya 2022, na mteja wa Ulaya huja na ya kwao iliyoanza kutumika 2018.

Kufa kwa zana

Huduma za mtandaoni hufungwa. Wunderlist, orodha ya kazi iliyopendwa na wengi, ilinunuliwa na Microsoft 2015 na kufungwa Mei 2020. Skype, iliyowaunganisha wengi na mteja wao wa kwanza, ilizimwa Mei 2025. Nyingine hubana tu: Desemba 2023 Evernote ilipunguza akaunti ya bure hadi daftari moja na maandishi 50. Kabla ya kuhamishia kazi kwenye huduma mpya, hutafutwa kwanza kitufe cha kutoa data na muundo unaotoka. Google hutoa kila kitu kupitia Takeout. Trello humpa mtumiaji wa bure faili la JSON, ambalo msomaji wa kawaida hawezi kulitumia bila msaada. Jedwali la CSV linalofunguka kwenye Excel limewekwa kwa wanaolipia.