Siku tatu za kumsubiri maiti: Shisanhang na hofu ya kuzikwa hai

Mfanyabiashara wa Kariakoo au wa Eastleigh aliyewahi kufika Guangzhou, kusini mwa China, hana haja ya kuelezwa Shisanhang ni wapi. Ni mtaa wa wilaya ya Liwan, karibu na ukingo wa Mto Zhujiang, ambako nguo huuzwa kwa jumla tangu asubuhi na mapema na wapagazi hupita mbio na marobota. Jina la mtaa huo maana yake ni "nyumba kumi na tatu za biashara". Leo hatutazungumzia bei za nguo. Tutazungumzia swali lililowahi kuwasumbua watu wa mataifa mengi walioishi hapo: mtu atajuaje kwamba aliyelala mbele yake amekufa kweli, na wala hamfukii ambaye roho bado haijamtoka?

Mwaka 1757 mfalme Qianlong wa enzi ya Qing aliamuru kwamba meli za Ulaya zifanye biashara katika bandari ya Guangzhou peke yake. Tangu hapo hadi mkataba wa Nanjing wa mwaka 1842, Waingereza, Waholanzi, Wadenmark, Waswidi, Wafaransa, na baadaye Wamarekani, walikaa katika kipande chembamba cha ardhi nje ya ukuta wa mji. Hawakuruhusiwa kuingia mjini wala kuja na wake zao, na msimu wa biashara ulipokwisha iliwabidi waondoke kwenda Macau. Meli zao kubwa zilitia nanga Huangpu, kiasi cha kilomita 20 kutoka hapo kwa kufuata mto. Mabaharia walikufa huko kwa homa na kuhara damu, wakazikwa katika visiwa vya jirani. Kwa joto la Guangdong, maziko hayo hayakuweza kucheleweshwa.

Katika karne hiyo hiyo, nchi walizotoka mabaharia hao zilikuwa zimeshikwa na hofu kubwa ya kuzikwa hai. Mwaka 1740 mtaalamu wa maumbile ya mwili mjini Paris, Jacques-Bénigne Winslow, mzaliwa wa Denmark, aliandika kwamba dalili za kifo zilizozoeleka zinaweza kudanganya, na kwamba dalili ya hakika ni mwili kuanza kuoza. Daktari Jean-Jacques Bruhier aliieneza kazi hiyo kwa Kifaransa, akaongeza visa vingi vya watu waliozinduka majenezani. Visa vingi kati ya hivyo ni hekaya tu zilizopokewa kutoka mdomo hadi mdomo, lakini hofu haikungoja uthibitisho. Mwaka 1767 kilianzishwa chama mjini Amsterdam cha kuwaokoa watu waliozama majini na kudhaniwa wamekufa, na London ikafuata mwaka 1774. Miji hiyo miwili, kwa bahati, ndiyo iliyokuwa ikipeleka meli nyingi Guangzhou. Katika miaka ya 1790, daktari Christoph Wilhelm Hufeland alifanikisha ujenzi wa nyumba ya kusubiria maiti mjini Weimar, Ujerumani. Katika nyumba za namna hiyo maiti walilazwa chini ya uangalizi hadi waanze kuharibika, na katika baadhi yake vidole vyao vilifungwa nyuzi zilizounganishwa na kengele.

Hofu hiyo haikuwa ya wajinga. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alipokuwa akikata roho kwa ugonjwa wa koo tarehe 14 Desemba 1799, alimwomba katibu wake, Tobias Lear, asiruhusu mwili wake uingizwe kaburini kabla siku tatu hazijapita. Alizikwa tarehe 18. Huyu ndiye mtu ambaye mwaka 1786 alinunua vyombo 302 vya kauri kutoka Guangzhou, vilivyoletwa na Empress of China, meli ya kwanza ya Marekani kufika bandari hiyo mwaka 1784.

Lau ombi hilo la siku tatu lingefika masikioni mwa mfanyabiashara wa Kichina wa Shisanhang, lisingemshangaza hata kidogo. Katika Liji, yaani kitabu cha kale cha kaida za Wachina, mgonjwa anayekaribia kufa huwekewa nyuzi nyepesi za hariri puani, ili ionekane kama bado anapumua. Akishakata roho, mtu mmoja hupanda juu ya paa na vazi la marehemu, akamwita arudi. Maiti haingizwi jenezani hadi siku ya tatu. Kitabu hicho chenyewe kinauliza kwa nini iwe siku ya tatu, na kinajibu bila kuficha: ni kumsubiri asije akarudiwa na uhai. Siku tatu zikipita, matumaini yamekwisha, na wakati huo sanda na mahitaji mengine yamekuwa tayari, na jamaa wa mbali wamewasili.

Mwanahistoria Sima Qian naye anasimulia habari za mganga Bian Que aliyepita katika nchi ya Guo na kukuta mwana wa mfalme analiliwa. Aliuliza maswali, akasema kijana huyo amezimia tu. Akamchoma sindano, kijana akaketi. Watu walipomsifu kwamba anafufua wafu, Bian Que alikataa sifa hiyo na kusema yeye amemsaidia kuinuka mtu ambaye hakuwa amekufa. Iwe ni historia au ngano, kisa hicho kinaonesha kwamba Wachina walilijua jambo hili zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita.

Majirani wengine wa Shisanhang walikuwa na vipimo vyao. Waparsi kutoka Bombay, wafuasi wa Zoroaster ambao wazee wa Zanzibar wanawakumbuka vizuri, walikuwa na desturi ya kumleta mbwa amtazame maiti. Desturi hiyo ni ya kidini, lakini baadhi ya wataalamu wao wameieleza pia kuwa njia ya kuhakikisha kifo, kwa imani kwamba mbwa hutambua uhai pale jicho la mwanadamu linaposhindwa. Ndani ya ukuta wa mji, karibu na msikiti wa Huaisheng, waliishi Waislamu, ambao sheria yao inahimiza maiti azikwe upesi. Wasikilizaji wetu wa pwani wanafahamu hilo. Lakini vitabu vya fikihi vya madhehebu ya Shafii vinaweka sharti: haraka hiyo ni baada ya yakini. Vinataja dalili kama vile miguu kulegea, pua kupinda na panja kubonyea, na vinasema kwamba aliyekufa ghafla asubiriwe hadi shaka iondoke.

Hata hivyo, wapo watu ambao hakuna aliyewasubiri. Kilomita chache kaskazini mwa Shisanhang, kwenye kilima cha Xianggang, mafundi waliokuwa wakichimba msingi wa jengo mwaka 1983 walifumbua kaburi la Zhao Mo, mfalme wa pili wa Nanyue, aliyefariki mwaka 122 hivi kabla ya Kristo. Mfalme alilazwa ndani ya vazi la vipande vya jade vilivyoshonwa kwa nyuzi za hariri. Pamoja naye walikuwa watu 15 waliozikwa ili wamsindikize: wake zake wanne wadogo, wapishi, mpiga muziki, walinzi. Mmoja wa wake hao aliitwa Zhao Lan. Tunalijua jina lake kwa sababu aliachiwa muhuri wa pembe ya ndovu. Humo kaburini zilikutwa pia pembe tano nzima, ambazo wataalamu walizitambua kuwa za tembo wa Afrika.

Babu yake Zhao Mo, Zhao Tuo, alikuja kusini akiwa ofisa wa jeshi la Qin Shi Huang, mfalme wa kwanza wa China. Mfalme huyo alipozikwa mwaka 210 kabla ya Kristo, kwa maelezo ya Sima Qian, wake zake wasiozaa waliamriwa wamfuate, na mafundi waliojua siri za kaburi walifungiwa milango wakiwa ndani. Jambo la kusikitisha ni kwamba dola ya Qin ilikuwa imepiga marufuku desturi ya kuzika watu na wafalme tangu mwaka 384 kabla ya Kristo. Ilirudi tena na tena. Hata katika enzi ya Ming wake wadogo wa wafalme waliuawa hivyo, hadi mfalme Yingzong alipoikomesha mwaka 1464. Washington aliogopa kosa la daktari. Zhao Lan hakuwa na kosa la mtu yeyote la kuogopa, maana kila kitu kilifanyika kwa amri.

Tukirudi Shisanhang, mmisionari Robert Morrison, aliyetafsiri Biblia kwa Kichina, alifariki hapo tarehe 1 Agosti 1834 na akazikwa tarehe 5. Siku hizo nne hazikutokana na tahadhari. Mwili wake ulisafirishwa kwa mashua hadi Macau, kando ya kaburi la mkewe Mary, katika makaburi ambayo kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilinunua ardhi yake mwaka 1821 kwa kuwa wageni Waprotestanti hawakuwa na pa kuzikwa. Wachina wenyewe waliweza kusubiri zaidi. Nje ya ukuta wa Guangzhou palikuwa na nyumba ambazo majeneza yalihifadhiwa kwa miezi au miaka, yakingoja siku njema ya maziko au safari ya kurudi kijijini. Wageni wa karne ya 19 walipaita mji wa wafu.

Mwaka 1835 daktari Mmarekani Peter Parker alifungua hospitali ya macho katika moja ya nyumba za Shisanhang. Kifaa cha kusikilizia moyo kilikuwa kimebuniwa na Mfaransa Laennec mwaka 1816, na katika miaka ya 1840 daktari Eugène Bouchut alipewa tuzo mjini Paris kwa kuonesha kwamba kifo kinaweza kuthibitishwa kwa kifaa hicho, moyo ukisikilizwa kwa dakika kadhaa bila kupiga. Polepole hofu ya zamani ilipungua, ingawa haijatoweka. Januari mwaka 2014 wafanyakazi wa chumba cha maiti huko Naivasha, Kenya, walimkuta hai mtu aliyekuwa ameletwa kwao kama marehemu baada ya kunywa sumu.

Nyumba za kale za Shisanhang ziliteketea kwa moto mwezi Desemba mwaka 1856. Sehemu ya eneo lake sasa ni Bustani ya Utamaduni, na tangu mwaka 2016 pana jumba la makumbusho. Makaburi ya wageni bado yapo katika kisiwa cha Changzhou, Huangpu, likiwemo la balozi wa Marekani Alexander Everett, aliyefariki Guangzhou mwezi Juni mwaka 1847. Juu ya kilima, mbali kidogo nao, wamelala Waparsi, ambao kwao kufukiwa ardhini haikuwa desturi.