Mrija wa sentimita 65 uliofungua njia ya moyo

Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) ilitimiza miaka 10 mwaka 2025. Mkoa wetu wa Songwe, uliozaliwa 2016, ni mdogo wake kwa mwaka mmoja. Kwa mgonjwa wa Tunduma ambaye mishipa yake ya moyo imesinyaa, habari hiyo ni njema, lakini ina uchungu: JKCI iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kwa barabara.

Tiba ya kufungua mishipa ya moyo kwa mrija ina mizizi Eberswalde, Ujerumani, mwaka 1929. Daktari kijana, Werner Forssmann, aliomba kupitisha mrija kwenye mshipa hadi moyoni. Mkuu wake akakataa katakata. Forssmann mwenyewe amesimulia alivyomgeukia muuguzi Gerda Ditzen, mwenye ufunguo wa kabati la vifaa. Gerda akakubali, ila yeye ndiye afanyiwe. Forssmann akamlaza, akamfunga mikono na miguu kwenye meza ya upasuaji, kisha akachanja mkono wake mwenyewe na kuingiza mrija. Muuguzi alipogundua, mrija ulikuwa umeshaingia.

Wakashuka pamoja hadi chumba cha eksirei. Rafiki yake daktari akaja mbio kutaka kuuchomoa mrija. Forssmann akampiga mateke miguuni. Akitazama skrini ya eksirei kupitia kioo, akausukuma mpaka sentimita 65, na picha ikaonyesha ncha yake ndani ya moyo. Madaktari wakubwa wa Berlin walimbeza. Mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na watafiti Cournand na Richards.

Mengine yalifuata: mwaka 1964 Charles Dotter alipanua mshipa wa mguu wa bibi wa miaka 82 aliyekataa kukatwa mguu, 1967 René Favaloro alitumia mshipa wa mguu kuzunguka sehemu iliyoziba moyoni, 1977 Andreas Grüntzig alipanua mshipa wa moyo kwa puto mjini Zurich, 1986 ikaja stenti. Hapa Tanzania, Hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam ilianza upasuaji wa kufungua moyo mwaka 2008, baada ya miaka mingi ya rufaa za India.

Najivunia JKCI. Lakini mshipa ukiziba ghafla, misuli ya moyo huanza kufa ndani ya takriban nusu saa, na basi la Dar halifiki kwa saa chache. Hospitali za Vwawa na Tunduma zisiwahi kukosa kipimo cha umeme wa moyo na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, na madereva wa malori wanaolala foleni mpakani Tunduma wapimwe shinikizo la damu hapohapo.