Pagazi, si "Mkimbiaji wa Nyuma"

Kamati moja, ambayo jina lake nalihifadhi kwa heshima isiyostahili, imeamua kwamba mchezaji wa futiboli ya Kimarekani anayekabidhiwa mpira ili apenye nao ukuta wa wapinzani aitwe "mkimbiaji wa nyuma". Nyuma ya nani? Hapa Mpanda, mkimbiaji wa nyuma ni yule aliyeachwa na wenzake. Nilipendekeza "pagazi". Nikajibiwa kuwa neno hilo ni la kizamani na linanuka utumwa.

Tuanze na mzizi. Kupagaa ni kuchukua mzigo mabegani. Kupagaza ni kumtwisha mwingine. Kupagawa ni kuingiwa na pepo, kwa kuwa pepo naye humkalia mtu asitue. Ndani ya ukoo huo mmoja mna mbebaji, mbebeshaji na mlemewa. "Mkimbiaji wa nyuma" ina nini? Ama utumwa, wenzangu wasome historia. Katika karne ya 19, misafara iliyofika Karema, kwenye Ziwa Tanganyika, ilitegemea mapagazi, na Wanyamwezi wengi katika kazi hiyo walilipwa ujira. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32. Anayeona aibu hapo atuonyeshe.

Tena pagazi huchakaa. Mahasimu wangu huandika "uchovu", lakini uchovu huisha kwa usingizi. Huyu hukamatwa na kuangushwa karibu kila anapobeba mpira. Magoti, vifundo na misuli huumizwa upya kabla ya kupona. Mwaka 2006 Larry Johnson wa Kansas City alibeba mpira mara 416, rekodi ya msimu mmoja katika ligi ya NFL. Msimu uliofuata alicheza mechi nane tu, akavunjika mfupa wa mguu. DeMarco Murray wa Dallas alibeba mara 392 mwaka 2014, akapata yadi 1,845; mwaka uliofuata, akiwa Philadelphia, alipata 702. Huo ni uchovu?

Matumizi ni mepesi: "Pagazi wao amebeba mara 25 leo." Msimu unaozidi kipimo uitwe msimu wa lumbesa, kama gunia lililojazwa kupita kiasi; wakulima wa mahindi wa Katavi hawatadai ufafanuzi.

Watangazaji wa redio, lijaribuni neno hili hewani kabla kamati haijakaa tena.