Tiba ya akili kwa njia ya simu: utafiti unawaambia nini wakazi wa mwambao wa Ziwa Mweru?

Tarehe 18 Machi 2020 serikali ya Zambia ilitangaza wagonjwa wake wawili wa kwanza wa virusi vya corona, mume na mke waliokuwa wamerejea kutoka Ufaransa. Wote wawili walikuwa Lusaka, zaidi ya kilomita 900 kutoka wilaya ya Nchelenge. Hata hivyo, siku mbili baadaye shule zilifungwa nchini kote, na masharti ya kupunguza mikusanyiko yakafika katika mwambao wa Ziwa Mweru kabla ya virusi vyenyewe.

Katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, masharti hayo yaligusa jambo ambalo halikuzungumzwa sana wakati huo. Msaada wa kisaikolojia katika makazi ya aina hii hutegemea kikao: watu kuketi pamoja chini ya mti au katika banda, mmoja akisema na wengine wakisikiliza. Mkusanyiko ukizuiwa, tiba yenyewe inakuwa imezuiwa, kwa sababu hakuna dawa ya kuchukua dirishani na kwenda nayo nyumbani.

Waliovuka kutoka upande wa pili

Mantapala ilifunguliwa Januari 2018 ili kuwapokea raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo waliokuwa wakihifadhiwa kwa muda katika kituo cha Kenani, ndani ya wilaya hiyo hiyo. Wengi wao walianza kuvuka mpaka kuanzia Agosti 2017, wakikimbia mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika. Tangu mwanzo makazi hayo yalipangwa yawe ya pamoja, wakimbizi na wenyeji wakitumia shule na kituo cha afya kimoja. Zaidi ya watu 10,000 wamepata kuishi hapo.

Kwa lugha, eneo hili halifuati ramani. Kibemba husikika pande zote mbili za ziwa, na zipo koo ambazo mpaka wa kikoloni umepita katikati yake. Lakini wengi waliotoka Pweto na maeneo ya kaskazini zaidi huongea Kiswahili cha Congo, na wanapoingia katika chumba cha daktari wa Zambia hujikuta wakieleza uchungu wao kwa lugha ya kuazima, au kupitia kwa mkalimani ambaye pengine ni jirani yao. Kueleza homa kwa namna hiyo kunawezekana. Kueleza ndoto zinazomwamsha mtu usiku ni jambo lingine.

Ukubwa wa tatizo

Mwaka 2019 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha makadirio mapya ya Shirika la Afya Duniani, WHO, yanayoonyesha kwamba katika jamii zilizopitia vita, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano, yaani asilimia 22, anaishi na tatizo la afya ya akili, kuanzia sonona na wasiwasi uliopitiliza hadi magonjwa mazito zaidi. Hali hiyo ilikuwapo kabla ya corona.

Miaka miwili baadaye jarida hilo hilo lilitoa makadirio ya athari za janga kwa mwaka 2020: wagonjwa wapya wa sonona milioni 53 duniani, na milioni 76 wa wasiwasi, ongezeko la zaidi ya robo kwa kila ugonjwa. Wanawake na vijana waliathirika zaidi. Takwimu hizo zimenukuliwa kila mahali, lakini zisomwe kwa tahadhari. Sehemu kubwa ya takwimu zilizotumika zilitoka katika nchi tajiri, na kwa maeneo mengi ya Afrika watafiti walilazimika kukadiria kwa kutumia hesabu za kwingineko.

Kuhusu huduma, picha iko wazi zaidi. Uchunguzi wa WHO katika nchi 130, uliotangazwa Oktoba 2020, ulibaini kwamba asilimia 93 ya nchi hizo zilikuwa zimekatiziwa au kusimamishiwa baadhi ya huduma muhimu za afya ya akili. Nchi nyingi zilijibu kwa kuhamishia ushauri nasaha kwenye simu na intaneti. Zaidi ya asilimia 80 ya nchi tajiri zilifanya hivyo. Miongoni mwa nchi maskini hazikufika nusu.

Benchi, kisha simu

Ushahidi wenye nguvu zaidi katika ukanda huu unatoka Zimbabwe. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda amesimulia mara nyingi jinsi alivyompoteza mgonjwa kijana aliyejiua baada ya familia yake kukosa nauli ya basi, kama dola 15, ya kumfikisha hospitalini. Kutokana na msiba huo alianzisha Benchi la Urafiki mjini Harare: bibi waliopata mafunzo mafupi wanaketi kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kumsaidia mgeni kuchagua tatizo moja, kisha kulitafutia njia. Hawatumii neno sonona. Wanasema kufungisisa, neno la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi. Msemaji wa Kiswahili atalielewa bila kufasiriwa, kwani naye husema ana mawazo mengi.

Utafiti uliofanyika katika zahanati 24 za Harare na kuchapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia watu 573. Baada ya miezi sita, dalili zilikuwa zimebaki kwa asilimia 13.7 ya walioketi kwenye benchi, ikilinganishwa na asilimia 49.9 ya waliopata huduma ya kawaida. Janga lilipofika, mradi huo ulihamishia sehemu ya mazungumzo yake kwenye WhatsApp na simu ya kawaida.

Zambia yenyewe haikuwa mikono mitupu. Katika vitongoji vyenye msongamano jijini Lusaka, watafiti walikuwa wamejaribu tiba iitwayo CETA, inayotolewa na watu wasio madaktari, kwa familia 248 zilizokumbwa na ukatili wa ndani na unywaji pombe uliopindukia. Matokeo yalikuwa mazuri kiasi kwamba jopo la wasimamizi lilishauri utafiti usitishwe mapema, ili na waliokuwa katika kundi la kulinganisha wapewe tiba. Tiba hiyo baadaye ilirekebishwa iweze kutolewa kwa simu, na imejaribiwa pia Mantapala, kwa wakimbizi na wenyeji, kuhusu tatizo la pombe.

Mfano wa tatu unafaa kuangaliwa kwa makini, kwa sababu unahitaji teknolojia ndogo kabisa. Katika makazi ya Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda, wanawake 694 wa Sudan Kusini walishiriki utafiti wa mpango wa WHO wa kujisaidia, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Waliopangiwa mpango huo walikutana mara tano, saa mbili kila mara, wakisikiliza sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba na kufuata kitabu cha picha. Hapakuwa na mtaalamu, bali wasimamizi wa kawaida waliowasha redio na kuongoza mazungumzo. Miezi mitatu baadaye, msongo wa mawazo ulikuwa umepungua zaidi kwao kuliko kwa wenzao. Ukiwa umerekodiwa kwa lugha ya watu, mpango kama huo hauhitaji intaneti wala mkalimani.

Simu ya nani?

Programu za simu janja zina hadithi tofauti. Nchini Lebanon, majaribio mawili yaliyohusisha zaidi ya watu 1,200, wakiwemo wakimbizi wa Syria, yalionyesha kwamba programu ya WHO iitwayo Step-by-Step hupunguza sonona, mtumiaji akisaidiwa kidogo na mhudumu kwa simu. Lakini washiriki wengi waliiacha njiani. Na Lebanon ina simu janja nyingi kuliko mwambao wa Mweru.

Katika kaya ya mkimbizi simu mara nyingi ni moja, na mara nyingi hukaa mfukoni mwa baba. Kuna gharama ya muda wa maongezi, na gharama ya kuchaji kwa mwenye sola. Kila Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ziwani ili samaki wazaliane, na fedha huadimika hata kwa wenyeji. Mwezi ambao mtu anauhitaji ushauri zaidi unaweza kuwa ndio mwezi ambao simu haina salio. Ndiyo maana huduma inayompigia mgonjwa ni bora kuliko ile inayosubiri apige yeye.

Hatari kubwa ni ya faragha. Mwanamke anayepigwa hawezi kumweleza mshauri hali yake huku aliyempiga ameketi umbali wa hatua mbili, ndani ya nyumba ya chumba kimoja. Washauri wanaofanya kazi kwa simu hufundishwa kuanza na maswali ya kujibiwa ndiyo au hapana, kukubaliana neno la siri linalomaanisha mazungumzo yakatwe, na kutoacha ujumbe wa maandishi. Tahadhari hizo ni sehemu ya tiba yenyewe, na huduma isiyo nazo ni heri isianzishwe.

Kwa upande wa sheria, Zambia ilipiga hatua mwaka 2019 ilipofuta sheria ya kikoloni ya mwaka 1949, iliyowaita wagonjwa wa akili kwa majina ya kudhalilisha. Sheria mpya inataka huduma hizo zitolewe ndani ya huduma za afya za kawaida, karibu na jamii. Hospitali kuu ya rufaa ya magonjwa ya akili, Chainama Hills, bado iko Lusaka, na kutoka Kashikishi ni safari ya zaidi ya siku moja kwa asiye na gari lake.

Desemba 2021 msafara wa kwanza wa waliochagua kurejea kwao uliondoka Mantapala kuelekea Pweto. Aliyekuwa katikati ya ushauri nasaha alivuka na tatizo lake, na jalada lake likabaki Zambia. Hapo simu ingeweza kufanya kazi ambayo kikao hakiwezi, yaani kumfuata mtu ng'ambo ya mpaka, kwa sharti kwamba anayepiga anaongea lugha yake.

Ndani ya Zambia, namba 116 kwa watoto na 933 kwa watu wazima hupigwa bila malipo. Aliye Mantapala anaweza pia kuanzia katika kituo cha afya cha makazi na kuomba azungumze na mhudumu faraghani, bila jirani kuwa mkalimani.