Ezeka, Ezua na Yaliyo Katikati

Kila masika nasoma kichwa cha habari kile kile: "Mvua yaezua mapaa." Mvua haiezui. Mvua hulowesha, kinachoezua ni upepo. Hata vilipokuja pamoja, kama katika Kimbunga Hidaya kilichoifikia pwani ya Tanzania Mei 2024, kila kimoja kilikuwa na kazi yake.

Kitenzi chenyewe ni johari. Kipange na ndugu zake: funika na funua, bandika na bandua, anika na anua, ezeka na ezua. Mwisho mmoja hujenga, mwingine hutangua. Lakini ezua ni neno la msiba uliokamilika, nyumba ikiwa wazi na mwezi ukionekana kutoka kitandani. Bati lililonyanyuka ukingoni tu tuliiteje? Napendekeza ngazi tatu. Msumari huchomoka. Bati huachia. Kisha ndipo paa huezuliwa. Anayeyajua maneno mawili ya mwanzo huenda asilihitaji la tatu.

Neno kofia, kwa lile bati la mgongoni mwa paa, silibadilishi kwa lolote. Kofia huvaliwa, na dhoruba huivua.

Neno dari linahitaji uangalifu. Kwa wengine ni ubao wa juu ya kichwa chako. Kwa wenye nyumba za ghorofa za mawe za mwambao ni orofa unayoikanyaga. "Maji yameingia darini" ni habari mbili tofauti, na fundi atapanda na ngazi isiyofaa.

Alama ya maji kwenye dari wengi huiita doa. Doa ni la nguo, limetulia. Mimi nasema baka, kwa kuwa mabaka huenea, na hili nalo litaenea mvua ijayo.

Mawe ya mvua yakilipiga bati huacha kibonyeo. Si tundu, basi tusiseme bati limetoboka.

Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Kwa paa, sijamwona aliyepata nafuu. Dawa yake huandikwa "ukarabati", neno pana linaloficha gharama. Waezekaji wa makuti wanalo bora: kuchomekea, yaani kutia kuti jipya palipooza bila kugusa mengine. Bati nalo huchomekewa: lipite chini ya lililo juu yake, lilale juu ya la chini. Fundi akiandika "kuchomekea mabati matatu", mwenye nyumba atajua ni matatu, si paa zima.