Kabla ya Brexit, Alikuwapo Kayamba

Kwa wengi wetu huku Toronto, Brexit ilikuwa kitu cha kuchekea. Waingereza, waliokuja kwa babu zetu bila hodi, eti nao wanalalamika kwamba Brussels inawapangia mambo! Tarehe 23 Juni 2016 karibu asilimia 52 ya waliopiga kura walichagua kutoka Umoja wa Ulaya, na binamu zetu wa London walituma vichekesho usiku kucha. Halafu mtu akauliza kwenye kundi la familia: na sisi Afrika Mashariki, mbona hatuungani? Kicheko kikaisha hapo hapo. Wajomba wa Kenya upande huu, wajomba wa Tanzania upande ule.

Ugomvi huo ni mkubwa kwa umri kuliko wajomba wenyewe. Na ukiufuata hadi mwanzo wake, unakuta jambo la ajabu kidogo: aliyekuwa akihubiri muungano ni Mwingereza.

Miaka ya 1920, Leo Amery, waziri wa makoloni wa Uingereza, alitaka Kenya, Uganda na Tanganyika ziwekwe chini ya mamlaka moja. Walowezi wa Kenya waliupenda mpango huo, mradi wao ndio wawe na sauti. Sasa jiweke mahali pa mtu wa Tanganyika. Jirani yako Mkenya amenyang'anywa ardhi yake nzuri, na anatembea na kipande, kile kitambulisho cha kuvaliwa shingoni. Unaambiwa, njoo tuungane. Tuungane na nani hasa, na Mkenya au na bwana wake?

Mwaka 1931 kamati ya Bunge la Uingereza ilikuwa ikilichunguza suala hilo, na mashahidi Waafrika wakaitwa London. Kutoka Kenya alikuwamo Koinange wa Mbiyu. Kutoka Tanganyika walikwenda watu watatu, mmojawao Martin Kayamba, karani msomi wa Tanga, ambaye mwaka 1922 alikuwa ameanzisha huko chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Baadaye aliandika kitabu kuhusu safari ile, tena kwa Kiswahili. Kwa Watanganyika jibu lilikuwa hapana: hawakutaka kuwekwa chini ya walowezi wa Kenya. Kamati ikaamua kwamba wakati wa muungano haujafika. Si kwa sababu yao peke yao, maana Waganda walipinga, Wahindi walipinga, hata Gavana Donald Cameron wa Tanganyika alipinga, na fedha nazo zilikuwa haba. Lakini huwa namfikiria Kayamba pale London, akiwaeleza Waingereza kwa nini mtu hataki mambo yake yaamuliwe na jirani mwenye nguvu. Miaka 85 baadaye wajukuu zao walikuwa wanaelezana jambo hilo hilo.

Msinielewe vibaya, silinganishi. Uingereza iliingia kwenye soko la Ulaya mwaka 1973 kwa hiari yake, baada ya Ufaransa kuikatalia mara mbili, na tarehe 5 Juni 1975 wananchi wakaulizwa kama wabaki. Asilimia 67 wakasema ndiyo. Kayamba na wenzake hawakuwa hata na nchi ya kuitolea uamuzi.

Tarehe hiyo ya 5 Juni ina mambo yake. Siku kama hiyo mwaka 1963, pale Nairobi, Kenyatta, Nyerere na Obote walitangaza kwamba nchi zao zitakuwa shirikisho moja kabla mwaka haujaisha. Hakuna mwananchi aliyepigishwa kura. Nyerere alikuwa ameshasema mwaka 1960 kwamba yuko tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi hizi ziungane kwanza. Hebu fikiria kiongozi wa leo akisema hivyo! Mwaka ukaisha bila shirikisho. Uganda ilisita, na kila bendera mpya ilikuwa imeshapata rais au waziri mkuu wake.

Jumuiya ya 1967 ilikuwa na vitu vya kushika kwa mkono: reli, bandari, posta, ndege za East African Airways. Ilivunjikia kwenye hesabu. Tanzania na Uganda ziliona Kenya ndiyo inayovuna viwanda na biashara. Kenya iliona inabeba wengine. Amin alipopindua serikali mwaka 1971, Nyerere akakataa kukaa naye meza moja. Mwaka 1977 ndege zikagawanyika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na ukabaki umefungwa hadi 1983. Sisi huku tunajua kura za Quebec mwaka 1995 zilivyokaribia kuipasua nchi. Kule jumuiya nzima ilikufa bila karatasi moja ya kura.

Wananchi walikuja kuulizwa mwaka 2006 na 2007, Jumuiya mpya ilipotaka kuliharakisha shirikisho. Watanzania wengi walikataa kuharakishwa, na neno lililorudi kila mara lilikuwa ardhi. Wapo vijana wenzangu wanaoliita jibu hilo uchoyo. Mimi naona ni kumbukumbu. Hata itifaki ya soko la pamoja iliyoanza kutumika mwaka 2010 iliiacha ardhi kwenye sheria za kila nchi.

Kisha ikaja Julai 2016, wiki chache baada ya kura ya Brexit. Tanzania ilisema haitii sahihi mkataba wa biashara kati ya Jumuiya na Umoja wa Ulaya, ikitaja viwanda vyake vichanga na pia kutoka kwa Uingereza. Kwake kukataa hakukuwa na gharama kubwa, kwa kuwa ikihesabiwa nchi maskini bidhaa zake ziliingia Ulaya bila ushuru. Kenya haikuwa na kinga hiyo, na maua yake yalikuwa hatarini. Ikatia sahihi pamoja na Rwanda, wengine hawakufuata. Uingereza ilipokuwa inamalizia kutoka Ulaya, nayo ikatafuta mkataba wake. Desemba 2020 iliupata, na Kenya peke yake. Nafasi za wanajumuiya wengine ziliachwa wazi.