Kuvu ya Migomba na Ardhi ya Guatemala

Mwaka 1952 serikali ya Rais Jacobo Árbenz wa Guatemala ilipitisha sheria ya kuwagawia wakulima ardhi isiyolimwa. Kampuni ya Kimarekani ya United Fruit, ambayo ardhi yake kubwa ilikuwa imelala tu, ilijitetea kwa hoja ya kilimo: migomba hushambuliwa na ugonjwa wa Panama, hivyo ardhi ya akiba ni lazima.

Hoja hiyo haikuwa uongo mtupu. Kuvu ya ugonjwa huo huingilia mizizini, huziba njia za maji, na mgomba hunyauka ungali umesimama. Hukaa udongoni kwa miongo, wala haina dawa. Lakini kampuni ilikuwa imeshikilia aina moja tu ya mgomba, Gros Michel (ndiyo bogoya ya Waganda), na shamba lilipougua ilihama na kufyeka msitu mwingine. Gharama ya kinga ya namna hiyo waliibeba wasio na ardhi. Juni 1954 Árbenz aliangushwa kwa mkono wa CIA. Sehemu kubwa ya ardhi ikarejeshwa kwa kampuni. Baadaye biashara yote ya nje ilihamia Cavendish, aina inayostahimili kuvu ile.

Mwaka 2013 kuvu ya namna nyingine, inayoiua hata Cavendish, ilithibitishwa kaskazini mwa Msumbiji. Mkulima wa Mtwara, ng'ambo ya Ruvuma, hana ardhi ya akiba. Kinga yake ni miche safi na ukaguzi wa mpakani, kwa maana kuvu hiyo husafiri ndani ya machipukizi na katika udongo ulioganda kwenye viatu na majembe.